Ndege haikati kona kwa mkia

Mwanafunzi mwingine, siku za mwanzo za kurusha ndege, hutaka kukata kona kwa pedali, zile zinazogeuza ubao wa mkiani. Pua inageuka kweli, lakini ndege yenyewe inateleza kubavu. Kazi ya kukata kona ni ya mabawa.

Ukiilaza ndege upande mmoja, nguvu ya kunyanyua nayo inalala. Sehemu yake inabaki kubeba uzito, sehemu nyingine inaivuta ndege kuelekea ndani ya kona. Iliyobaki kubeba uzito haitoshi tena, ndiyo maana ndege huanza kushuka usipovuta usukani kidogo.

Pedali zina kazi gani basi? Chukua kona ya kushoto. Eleroni, kile kibao cha ukingo wa nyuma wa bawa, ya bawa la kulia inashuka, bawa linapanda, ila kwa kunyanyua zaidi linaburutwa zaidi na hewa, na pua inakimbilia kulia. Kanyaga pedali ya kushoto wakati ule ule unapolaza ndege, si baadaye. Mlalo ukishatulia, rudisha eleroni katikati na upunguze mguu. Itazame gololi kwenye kipimo cha kuteleza kubavu: ikikimbilia kushoto, ongeza mguu wa kushoto, ikienda kulia, wa kulia.

Sasa gharama. Kwa mlalo wa nyuzi 30 bila kupoteza kimo, mabawa yanabeba mara 1.15 ya uzito. Nyuzi 45, mara 1.41, nyuzi 60, mara 2. Mwendo wa chini kabisa ambao bawa bado linabeba unapanda pia: ndege ambayo mabawa yake yanaacha kubeba kwa noti 50 (maili za baharini kwa saa) ikiwa haijalala, kwa nyuzi 60 yataacha kubeba kwa karibu noti 71. Hesabu hiyo wengi huikariri darasani na kuisahau angani.

Kona inayoua ni ile ya mwisho kabla ya kutua. Rubani amepitiliza mstari wa njia ya kurukia, anaogopa kulaza zaidi akiwa chini, kwa hiyo anasukuma pua kwa pedali ya ndani. Ndege inazidi kulala, anaizuia kwa eleroni ya upande wa pili. Pua inazama, anavuta. Bawa la ndani, lenye mwendo mdogo na eleroni iliyoshuka, linaacha kubeba kwanza, na ndege inapinduka upande huo ikizunguka. Kwa futi 400 hakuna nafasi ya kuiokoa. Ukiona umepitiliza, nyoosha mabawa, ongeza nguvu ya injini, panda, uzunguke upya.