Maswali na majibu: Jumuiya za watendaji katika afya ya mtoto, Mtwara na Lindi

Maswali ya safari hii yanahusu sayansi ya utekelezaji, yaani taaluma inayochunguza kwa nini huduma iliyokwisha kuthibitishwa kuwa inaokoa watoto haimfikii mtoto, na jumuiya za watendaji, yaani vikundi vya watu wa kazi moja wanaokutana mara kwa mara ili wajifunze kutokana na kazi yao.

Nimealikwa kujiunga na jumuiya ya namna hii. Tunavyo tayari vikao vya kila mwezi. Tofauti ni ipi? (Muuguzi mkunga, Newala)

Kikao cha maagizo huanza na kile ambacho ngazi ya juu inataka kifanyike, ilhali jumuiya ya watendaji huanza na jambo linalokwama mikononi mwako. Tuchukue kuhara. Tangu mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanashauri mtoto anayeharisha apewe ORS, yaani unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji ya kunywa, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Sidhani kama yupo muuguzi wa Newala asiyelijua hilo. Hata hivyo, mtoto anaweza kuondoka zahanati na pakiti mkononi mwa mama yake bila kunywa hata kijiko kimoja, kwa sababu kona ya ORS, yaani sehemu ya zahanati ambako mtoto huanza kunyweshwa, ina jagi, vikombe na vijiko, lakini ndoo ya maji ya kunywa ni tupu. Na katika uwanda wa Makonde, ambako maji ni ya shida, hiyo si sababu ya kubezwa. Huenda mwenzako wa zahanati ya jirani alikwisha kuelewana na serikali ya kijiji kwamba ndoo moja ijazwe kila asubuhi kwa ajili ya kona hiyo tu. Ufumbuzi wa aina hiyo haumo katika mwongozo wowote wa matibabu. Katika jumuiya husemwa, ukajaribiwa kwingine, kisha ukapimwa: kati ya watoto walioandikwa kuwa na kuhara katika rejista ya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, mwezi uliopita, wangapi walianza kunywa ORS hapohapo, na wangapi waliondoka na zinki ya kutosha siku zote? Mkutano ambao hakuna aliyekuja na hesabu kama hiyo kutoka kituoni kwake ni mazungumzo mazuri tu.

Kwa nini semina ya siku moja au mbili isitoshe? (Tabibu, Ruangwa)

Jibu bora limetoka hapa nchini, katika hospitali ya Haydom mkoani Manyara. Huko wakunga walifundishwa kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, na walipopimwa kwa mwanasesere wa mazoezi walionekana wameimarika, lakini ujuzi huo haukuonekana ipasavyo katika chumba cha kujifungulia. Baadaye yalianzishwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara kazini, na vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikapungua. Kwa hiyo semina ina nafasi yake, ila kinachobadilisha mkono wa mtendaji ni kurudia akiwa na wenzake.

Sisi wa ngazi ya jamii tunahusika, au ni mambo ya wasomi? (Mhudumu wa afya, Tandahimba)

Ndugu yangu, wilaya yako ina historia katika jambo hili. Kati ya mwaka 2011 na 2014 mradi wa EQUIP, uliolenga kuboresha huduma za akina mama na watoto wachanga, uliwakutanisha watu wa vijijini, wa vituo vya huduma na wa halmashauri ya Tandahimba, kila ngazi ikipanga badiliko dogo, ikilijaribu, ikilipima na kulirekebisha, huku Newala ikiwa wilaya ya kulinganishia.

Lipo na funzo chungu zaidi. Utafiti wa INSIST, uliofanyika katika wilaya sita za Mtwara na Lindi, uliwatumia wahudumu wa kujitolea kuwatembelea wajawazito na wazazi majumbani na kuwashauri. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa akina mama wengi zaidi waliwanyonyesha watoto ndani ya saa ya kwanza, lakini vifo vya watoto wachanga havikupungua kuliko katika kata ambazo hazikupata huduma hiyo. Nalitaja kwa makusudi, maana jumuiya nyingi hupenda kusimulia mafanikio tu. Kwa maoni yangu, ushauri wa nyumbani hauwezi kuziba pengo la huduma wakati wa kujifungua, na ndiyo maana mhudumu wa jamii na mkunga wanapaswa kuketi katika kundi moja.

Bila posho watu watakuja? Na kundi la WhatsApp linatosha? (Mratibu wa afya ya uzazi na mtoto, Kilwa)

Rudisheni nauli, wala msione haya kuiombea fungu katika mpango wa halmashauri. Posho kubwa huleta mahudhurio ambayo hukoma siku mfadhili anapoondoka. WhatsApp inafaa kwa kukumbushana na kuulizana, lakini picha ya mtoto au ya kadi yake ya kliniki isiwekwe humo. Anzeni na vituo vichache vinavyofikika, swali moja tu, na tarehe isiyogongana na kliniki. Mkutano wa kwanza msiupange wakati wa msimu wa korosho.