Barua kwa binti yangu kuhusu bima ya nyumba yake ya Kira, karibu na Kampala

Tororo

Binti yangu mpendwa,

Assalaamu alaikum. Barua yako imenifikia, na picha za nyumba tumeziona. Mama yako ameirudia ile ya jikoni hata simu ikamwishia chaji. Mwenyezi Mungu awajalie kheri ndani yake.

Umeniuliza jambo moja: benki iliyowakopesha imewakata pesa ya bima, afisa akasema nyumba imekwisha kulindwa, nawe unataka kujua kama ni kweli. Umefanya vizuri kuuliza mapema. Katika kazi yangu ya kukadiria hasara, wengi waliniuliza swali hilo wakiwa wamesimama juu ya majivu, na wakati huo hapakuwa na la kuwasaidia.

Bima ile, mwanangu, imewekwa kwanza kuulinda mkopo. Jina la benki limo ndani ya mkataba, na nyumba ikiungua benki ndiyo inayoanza kulipwa deni lake. Kinachosalia ndicho chenu. Kama ilikatwa kwa kiasi cha mkopo tu, huenda kisisalie kitu: deni litafutika, nanyi mtabaki na kiwanja na kuta nyeusi. Vitanda, jokofu, nguo na vitabu vya watoto mara nyingi havimo kabisa. Tena usiichanganye na ile bima nyingine ya mkopo, inayolipa deni mkopaji akifariki. Ile haihusiki na moto wala mafuriko, na nimeona watu wakiitunza karatasi yake miaka mingi wakidhani ndiyo bima ya nyumba.

Kwa hiyo nenda benki uombe nakala ya mkataba wenyewe, kurasa zote pamoja na jedwali lake. Usikubali barua ya uthibitisho peke yake. Ninyi ndio mnaolipa, ni haki yenu kuusoma.

Ukiupata, tafuta kwanza kiasi ambacho nyumba imekatiwa bima. Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, kwa hiyo nivumilie nieleze kwa urefu. Kiasi hicho kisiwe bei ambayo nyumba ingeuzwa pamoja na kiwanja. Ardhi ya Kira ni ghali, lakini ardhi haiungui, na kuilipia bima ni kupoteza pesa. Kisiwe pia jumla ya mlichotumia kujenga, kwa sababu mlijenga kidogo kidogo, na sementi mliyonunua mwaka wa msingi haiuzwi tena kwa bei ile. Kinachotakiwa ni gharama ya kuijenga upya leo: kubomoa kilichobaki na kuondoa kifusi, mchoraji, mhandisi, vibali, matofali, nondo, paa, dari, nyaya, mabomba, vigae, rangi, fundi na vibarua. Ukuta wa ua, geti, tangi la maji na zile sola zitajwe kwa majina. Ukuta wa ua huanguka sana wakati wa mvua, na usipotajwa unaweza kuambiwa haumo.

Ripoti ya uthamini iliyofanywa kwa ajili ya mkopo huenda ina kiasi hiki tayari. Mara nyingi huandikwa bei ya soko, bei ya kuuza kwa haraka, na gharama ya kujenga upya. Chukua hiyo ya tatu. Kama haimo, mlipeni mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa, yaani mtaalamu wa kupiga hesabu za gharama za ujenzi, awafanyie hesabu. Kati ya pesa zote mtakazotumia kwenye bima, hiyo ndiyo nisingependa muibanie.

Nakuonyesha sababu. Tuseme nyumba ingegharimu shilingi milioni 200 kujengwa upya, lakini mmeikatia bima ya milioni 100. Jiko likiungua na hasara ikawa milioni 40, utadhani milioni 40 ziko ndani ya 100, basi mtalipwa zote. Sivyo. Mikataba ya nyumba huwa na kifungu kinachosema kwamba aliyekata bima pungufu anabeba sehemu ya hasara kwa uwiano huo huo. Mmekata nusu, mtalipwa nusu: milioni 20, na hata hapo kitaondolewa kile kiasi mnachobeba wenyewe katika kila dai. Nimewaona watu wazima wakilia ofisini kwa sababu ya kifungu hiki kimoja. Kila mwaka kabla ya kuhuisha bima, itazameni hesabu upya, maana bei za vifaa hazitulii.

Angalia pia fidia inahesabiwaje. Mikataba mingine hulipa gharama ya kujenga upya kwa vifaa vipya. Mingine hupunguza kwa ajili ya uchakavu, na paa la miaka kumi likalipwa kama paa la miaka kumi. Takeni ya kwanza, hata kama ada yake iko juu kidogo.

Halafu majanga. Moto na radi huwamo karibu siku zote, na kwenu upande wa ziwa radi si jambo la kufikirika. Lakini uliza wazi kuhusu umeme unaorudi kwa nguvu baada ya kukatika na kuunguza televisheni na jokofu, maana huo huhesabiwa tofauti na radi, na mara nyingi huachwa nje mpaka uombwe. Mafuriko, dhoruba na mabomba kupasuka yasomwe moja moja. Mbale si mbali nasi hapa, na unakumbuka maji ya mwishoni mwa Julai 2022 yalivyoingia katika nyumba ambazo wenyewe hawakuwahi kudhani ziko bondeni. Maporomoko ya ardhi nayo yana kifungu chake.

Tetemeko usilidharau. Huko Toro, magharibi mwa Uganda, lilipiga tarehe 20 Machi 1966 likaua watu wengi, likarudi upande wa Fort Portal Februari 1994, na lile la Septemba 2016 lililoanzia karibu na Bukoba, Tanzania, liliangusha nyumba mpaka Rakai huku Uganda. Fujo za kisiasa pia uziulize. Kampuni nyingi huziweka katika nyongeza inayolipiwa kando, na ninyi mko karibu na mji mkuu.

Mchwa, nyufa za msingi mbaya na uchakavu hazilipwi, hizo ni kazi ya matengenezo. Wala bima hailipi nyumba iliyobomolewa kwa amri ya serikali kwa kuwa imejengwa kwenye ardhi oevu. Mume wako aliniambia kiwanja kiko juu na hati ni safi, namshukuru kwa hilo.

Sasa lile banda la kuku. Mnalea vifaranga nyuma ya nyumba na kuwapa joto kwa makaa kwenye vyungu, na kuku mnauza. Hilo liandikwe kwenye fomu ya maombi, pamoja na vile vyumba viwili mlivyopangisha. Bima husimama juu ya ukweli wa anayeikata. Ukinyamaza jambo ambalo lingebadilisha uamuzi wa kampuni au ada yake, unaipa sababu ya kukataa dai, hata kama moto ulianzia sebuleni. Ada ikipanda kwa sababu ya makaa, lipeni, au badilisheni namna ya kuwapa vifaranga joto. Mimi ningependa la pili, kwa ajili ya wajukuu zangu.

Mali ya ndani mkatie bima yake. Pita chumba kwa chumba ukipiga picha, hifadhi risiti, na zote uzitume kwenye barua pepe yako ili zisiungue pamoja na nyumba. Kwa wizi, mikataba mingi hutaka dalili za kuvunja mlango au dirisha. Kilichochukuliwa na mfanyakazi wa nyumbani, au na mtu aliyekuta mlango wazi, mara nyingi hakilipwi. Na mkija huku sikukuu mkakaa, kumbuka mikataba mingi hupunguza kinga nyumba ikikaa tupu zaidi ya siku 30 mfululizo. Waarifuni kabla ya kuondoka, au aachwe mtu anayelala pale.

Kampuni, dalali au wakala yeyote lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Bima ya Uganda. Ithibitishe kwa Mamlaka yenyewe. Sheria ya Bima ya 2017 imeruhusu benki kuuza bima pia, lakini ulizeni kama mnaweza kuleta kampuni nyingine, mlinganishe mikataba badala ya ada tu. Juu ya ada kuna kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18 na ushuru wa stempu, msishtuke. Pesa iingie kwenye akaunti ya kampuni, na risiti ibaki kwenu.

Likitokea la kutokea, Mungu aepushe, toeni taarifa siku hiyo hiyo kwa maandishi, nendeni polisi kama ni moto au wizi, zuieni hasara isizidi, lakini msianze kujenga kabla mkadiriaji wa hasara hajaona. Na karatasi ya kukubali malipo ya mwisho msitie sahihi kwa haraka, maana ikishatiwa sahihi ni vigumu kudai zaidi. Mkidhulumiwa, Mamlaka hiyo hiyo hupokea malalamiko.

Nitumie picha za kurasa zote za mkataba wiki hii, na ile ripoti ya uthamini. Nitazisoma na kukuwekea alama pale penye shaka, ili uende kwa afisa ukiwa na maswali mkononi. Uniambie pia tarehe ambayo bima inaisha.

Mama yako anawasalimu nyote. Mume wako mwambie asimwage makaa ya bandani kabla hayajazimika kabisa.

Baba yako