Vinundu vyeupe kwenye mizizi ya maharage

Ndugu, nimekuelewa: umeweka zinki na shaba, majani bado ni ya njano, na vinundu vya mizizini ukivipasua ni vyeupe ndani. Hiyo rangi ndiyo ya kuangalia. Mmea ukikaribia kutoa maua, kinundu kinachofanya kazi huwa chekundu au cha waridi. Kikiwa cheupe au kijani, rizobia, yaani bakteria wanaoishi kwenye vinundu, hawanasi naitrojeni ya hewani kwa ajili ya mmea, na ndiyo maana majani ni ya njano.

Kimeng'enya (protini inayoendesha kazi hiyo) wanachotumia kuinasa kina chuma na molibdeni, madini yanayohitajika kwa kiasi kidogo sana, si zinki. Kwenye udongo wenye asidi, molibdeni hushikwa na udongo, mizizi isiipate. Basi pima pH (kipimo cha asidi; ikiwa ndogo, asidi ni nyingi) kwanza. Ikiwa chini ya 5.5, anza na chokaa ili kupunguza asidi, kabla ya kununua kirutubisho kingine. Shambani kwangu hiyo peke yake ilitosha.

Shaba na zinki zikizidi hudhuru rizobia, na haziondoki udongoni kirahisi. Tafadhali usiongeze tena mpaka maabara ya udongo ikupe majibu. Wala usipake chumvi za shaba au zinki kwenye mbegu zilizopakwa rizobia. Molibdeni nayo hupimwa kwa gramu kwa hekta, si kilo: ikizidi kwenye malisho, ng'ombe hupungukiwa shaba mwilini.