Kukoroma, kukatika pumzi na mafua yasiyoisha

Tangu baridi ya Juni iingie, wasomaji wa Arusha na Moshi wananiandikia kilio kimoja: mafua, kikohozi na uchovu. Nimechagua maswali yanayogusa jambo ambalo majumbani huchekwa tu, yaani kukoroma.

Shikamoo daktari. Mume wangu anakoroma sana. Katikati ya usiku ananyamaza ghafla mpaka namtikisa nikidhani amekata roho, kisha anashtuka na kuvuta pumzi kama mtu aliyetoka majini. Msimu wa baridi mafua hayamtoki. Kuna uhusiano? (Mama, Kiboroloni)

Marahaba, mama. Hiyo ndiyo dalili kuu ya ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini, na shahidi ni wewe unayelala naye. Mwenyewe hajui kitu. Tukilala, misuli ya koo hulegea. Kwa wengine njia ya hewa hujifunga kwa sekunde 10 au zaidi, oksijeni inashuka kwenye damu, ubongo unauamsha mwili kwa kishindo, hewa inaingia, analala tena. Kuanzia mara 5 kwa saa tunauita ugonjwa; mara 30 na kuendelea ni mkali. Piga hesabu ya mara 30 kwa saa kwa usiku wa saa 7: mwili umekabwa zaidi ya mara 200 kabla jogoo hajawika.

Oksijeni inayoshuka na kupanda namna hiyo huzichokoza chembe nyeupe za damu. Zinamwaga saitokini, kemikali za kupigana na vijidudu, wakati vijidudu wenyewe hawapo, na kuta za mishipa ya damu ndizo zinazoumia. Ni moja ya sababu za wagonjwa hawa kuandamwa na presha na magonjwa ya moyo. Wakati huohuo usingizi uliokatwakatwa humwaga homoni za mshtuko, na askari wa mwili, yaani chembe za kinga zinazopaswa kuwashughulikia virusi, wanazubaa. Kwa hiyo sipendi kusema kinga "imeshuka". Inawaka pasipohitajika, inapohitajika imelala.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, watafiti wa Marekani walipima usingizi wa watu wazima 164, kisha wakawatia virusi vya mafua puani. Kwa makadirio yao, waliolala chini ya saa 6 walikuwa na uwezekano wa kushikwa na mafua zaidi ya mara 4 ya wale waliozidisha saa 7. Huo ulikuwa upimaji wa usingizi mfupi, haukuhusu pumzi kukatika. Lakini kule Taiwan, kumbukumbu za watu zaidi ya 30,000 zilionyesha wenye ugonjwa huu wakipata nimonia zaidi ya wasio nao kwa takriban asilimia 20. Sisemi kila mafua ya mumeo yanatoka kooni. Moshi wa kuni na msongamano navyo vina sehemu yao. Mrekodi kwa simu anapokoroma, mwende naye kwa daktari mkiwa na sauti hiyo.

Mimi ni dereva wa kifodi, nakoroma, na mchana nasinzia hata kwenye foleni. Nanunua vidonge vya kuongeza kinga. Niendelee? (Kijenge)

Hapana, kaka, hela hiyo itunze. Hakuna kidonge cha vitamini kinachofungua koo. Kinachonitia hofu zaidi ni huko kusinzia ukiwa umebeba watu: kabidhi usukani kwa mwenzako mpaka upimwe. Azima tepu kwa fundi cherehani upime shingo. Ikizidi sentimita 40, ukiongeza na kukoroma na kusinzia huko, usichelewe.

Mjukuu wangu wa miaka 4 anakoroma, analala mdomo wazi, na koo na masikio vinamuuma kila mara. Jirani anasema akakatwe kimeo. (Bibi, Sakina)

Shikamoo, bibi. Nakuomba kwa mikono miwili, usimpeleke. Kimeo sicho kinachomziba. Wembe wa mkata vimeo umeua watoto kwa kutoka damu, na wengine wamepata pepopunda.

Kwa umri wake chanzo cha kawaida ni mafindofindo, zile tezi mbili za kooni, pamoja na nyama za nyuma ya pua. Nazo ni sehemu ya kinga: zimekaa mlangoni kukamata vijidudu. Zikipigana kila mara huvimba, na zikivimba hubana hewa. Usingizi ukiharibika, mtoto anakosa nguvu ya kupambana na ugonjwa unaofuata, na ukuaji unaweza kudorora. Mpelekeni kwa daktari wa pua, koo na masikio. Hospitali ya KCMC pale Moshi wapo. Akishauri zitolewe kwa upasuaji, msiogope kwamba atabaki bila kinga. Mwili una vituo vingine vingi vya ulinzi, na watoto wengi hulala vizuri baada ya hapo.

Babu anasema mbege kidogo jioni huleta usingizi mzuri. (Machame)

Huleta usingizi, lakini pombe hulegeza koo na pumzi hukatika zaidi. Anayekoroma aiache jioni, alale ubavu.

Nimepewa mashine ya kusukuma hewa puani usiku. Kinga yangu itarudi? (Njiro)

Mashine hiyo, iliyobuniwa Australia na Colin Sullivan mwaka 1980, hulizuia koo lisijifunge, na oksijeni haishuki tena. Kwa wengi usingizi hutulia tangu siku za mwanzo. Saitokini hupungua kwa baadhi ya watu, hasa wanaoivaa usiku kucha. Kwa mwenye uzito mkubwa huenda zisishuke sana, kwa sababu mafuta ya tumboni nayo huzitoa. Kwa hiyo punguza uzito sambamba na mashine. Barakoa ioshe kila siku kwa maji na sabuni laini, uianike mahali pasipo na vumbi. Kama mashine yako ina kichupa cha maji, weka maji yaliyotoneshwa (yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa) na uyabadilishe kila siku, maana hewa yote unayovuta inapita hapo.