Samani Zinazookoa Nafasi Bila Kuonekana Ngeni Nyumbani

Wateja wengi wanaofika karakanani kwangu hapa Dar es Salaam wanaishi chumba na sebule, na karibu wote huja na picha kwenye simu: kitanda kinachosimama na kupotea ukutani, meza inayochomoka ndani ya kabati, au ngazi ambayo kila kidato chake ni droo. Picha hizo huvutia, na baadhi ya vitu hivyo nimevitengeneza. Hata hivyo, kabla sijashika tepu huwa namwuliza mteja kitu hiki atakifungua na kukifunga mara ngapi kwa siku, na wakati huo mikononi atakuwa ameshika nini. Mama anayetoka jikoni na sufuria ya moto hana mkono wa kufungulia komeo.

Samani ya kukunja inayohitaji hatua zaidi ya mbili haikunjwi. Meza ambayo ili ifungwe ni lazima uondoe kitambaa, uchomoe miguu, uinue ubao na kisha utafute komeo, itafungwa kwa wiki ya kwanza, halafu itabaki wazi mwaka mzima ikiwa imebeba pasi, chaja na madaftari ya watoto. Mteja atakuwa amelipia bawaba na makomeo ili apate meza iliyo dhaifu kuliko ile ya kawaida ambayo angeinunua barabarani kwa bei nafuu zaidi.

Meza ya ukutani ninayoipendelea hufungwa kwa kuinuliwa juu. Ubao wake ni plaiwudi ya milimita 18, una urefu wa sentimita 90 na upana wa 60, na umeshikwa kwa bawaba ndefu katika kimo cha sentimita 75 kutoka sakafuni. Mguu wake ni fremu nyembamba iliyofungwa kwa bawaba kwenye ukingo wa mbele, upande wa chini wa ubao, kwa hiyo unaning'inia wenyewe wakati wote: ubao ukishuka, mguu unatua sakafuni; ubao ukipanda, mguu unalala bapa juu yake. Mtumiaji anafungua komeo moja na kushusha, basi. Jambo ambalo mafundi wengi hulisahau ni kwamba meza ya namna hii ikifungwa, tumbo lake ndilo linalotazama sebule, na kwa kawaida tumbo hilo huachwa bila vanishi, likiwa na alama za penseli na vichwa vya skrubu. Mimi huanza kupamba upande huo kabla ya ule wa kulia chakula. Nauvalisha kitambaa kilekile kilichotumika kwenye mito ya makochi, na ile fremu ya mguu inakuwa ndiyo fremu ya kitambaa. Mgeni akiingia haoni meza iliyokunjwa, anaona pambo la ukutani.

Waliojenga nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar walikuwa wameshalipatia jawabu tatizo la vyumba vyembamba. Dari zao zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hizo hazivuki nafasi kubwa, vyumba vilikuwa virefu lakini upana wake kwa kawaida haukufika hata mita tatu. Chumba cha namna hiyo ukikijaza makabati, watu hawapishani. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zilikuwa nene, basi wakatengeneza zidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vitu, ndani ya kuta zenyewe, zikapangwa safu kwa safu na kupambwa kwa nakshi za lipu, na humo vikakaa vyombo vya kaure na vitu vingine vya thamani. Vyombo vilihifadhiwa na kuonyeshwa pasipo kuchukua sakafu hata kidogo.

Kuta zetu za matofali ya saruji ya inchi 6 haziruhusu uchimbaji wa namna ile, na mwenye nyumba asiyetaka hata msumari ukutani hawezi kukusikiliza ukimweleza habari za zidaka. Kinachoweza kuigwa ni nidhamu yao ya kufuata mistari ya ukuta. Kabati la kina cha sentimita 30 linalotoka pembe ya chumba hadi kwenye fremu ya mlango, likaishia juu sawasawa na fremu hiyo, likapakwa rangi ileile ya ukuta na kutobolewa tundu la kidole badala ya kishikio cha dhahabu, huonekana kana kwamba lilijengwa pamoja na nyumba. Kabati hilohilo likipungua sentimita chache kufika kwenye fremu, macho yote yataangukia ule mwanya. Kina cha sentimita 30 kinatosha sahani, hotipoti na vikombe. Nguo za kutundika zinahitaji 60, na hapo ndipo hesabu inapokuwa ngumu.

Hesabu hiyo huonekana vizuri zaidi chumbani. Chukua chumba cha mita tatu kwa tatu chenye kitanda cha tano kwa sita kilichosukumwa hadi ukutani. Upana wa kitanda ni takriban sentimita 152, kabati la nguo la upande wa pili linachukua 60, na ukitoa mbao za kitanda unabaki na njia ya takriban 80. Mteja anataka droo za mvunguni zenye kina cha 60. Droo ikifunguliwa yote, inabaki njia ya 20, na hakuna mtu anayeweza kusimama hapo akainama. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini lazima awe na mahali pa kuinamia. Katika chumba kama hicho naziweka droo upande wa miguuni, au nafanya nusu ya chaga iwe mfuniko wenye bawaba, na humo vinaingia vitu vinavyotafutwa mara chache: mablanketi, mabegi ya safari na godoro jembamba la wageni kutoka kijijini. Ubao wa chini ya godoro utobolewe matundu ya kutosha, kwa sababu joto na unyevu wa Dar es Salaam hulifanya godoro lisilopumua linuke uvundo.

Kuhusu mbao, mninga ni mzuri lakini ni mzito mno kwa kitu kinachoinuliwa kila siku, kwa hiyo nautumia kwenye kingo zinazoonekana tu. MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, naikwepa kwa kitu chochote kinachogusa sakafu, maana nyumba zetu hupigwa deki, na maji yakiingia kwenye kingo zake huvimba wala hairudi tena. Ama uache nafasi ya sentimita 10 ili ufagio na tambara vipite, ama ushushe kabati hadi chini kabisa juu ya kitako cha mbao ngumu. Mwanya wa sentimita tatu haufai, kwani huwa maskani ya mende.

Mpangaji pia huhama. Kabati lililogongwa misumari na kupakwa gundi kila mahali halitapita kwenye kona ya ngazi, na likilazimishwa juu ya kirikuu litafika likiwa limelegea. Viungo vikubwa navifunga kwa bolti zilizofichwa kwa ndani, na hakuna kipande ninachokiacha kizidi upana wa sentimita 75, kwa sababu milango mingi ya vyumba vya kupanga ninavyoingia haina nafasi zaidi ya hiyo ukishaondoa unene wa fremu. Bolti hizo huongeza gharama, na mteja akiniambia kwamba nyumba ni ya kwake mwenyewe, huwa namshauri aziache, fedha hizo aziongezee kwenye bawaba nzuri.