Maswali ya Wasomaji: Silikoni Inayotoa Fotoni Moja Moja

*Paneli za sola ni silikoni na hupokea mwanga kutwa. Mbona silikoni hiyo hiyo haitengenezi taa? (Mwalimu, Shela, Lamu)*

Mwalimu, kupokea mwanga na kuutoa ni kazi mbili. Elektroni ya silikoni inaposhuka ngazi ya nishati hulazimika kubadili pia msukumo wake ndani ya fuwele, na kwa kuwa fotoni, yaani chembe moja ya mwanga, haiwezi kuubeba msukumo huo peke yake, karibu nishati yote huishia kuwa joto. Ndiyo maana taa za LED hutumia galiamu naitraidi.

Dawa iliyopatikana ni kuitia silikoni kasoro kwa makusudi. Kasoro mojawapo, iitwayo kituo T, yenye atomi mbili za kaboni na moja ya haidrojeni, hutoa mwanga wa nanomita 1,326, urefu wa wimbi ambao nyaya za fiba hupitisha vizuri. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, walitangaza kuwa wameweza kukifikia kimoja kimoja. Ubora wake ni kwamba spini ya elektroni yake (tabia yake ya kuwa kama sumaku ndogo) hutunza habari huku fotoni ikisafiri. Lakini hufanya kazi kwenye baridi ya takriban nyuzi 269 chini ya sifuri, kwa hiyo anayekuahidi simu ya kwantamu ana lake jambo.

*Intaneti ya kwantamu itafungua video haraka zaidi? (Maweni, Malindi)*

Hapana. Swali hili limekwisha kujibiwa hapa, tena si mara moja. Kazi ya intaneti hiyo, inayosafirisha hali za chembe kama fotoni, ni kugawa funguo za siri na kuunganisha kompyuta za kwantamu.

*Nauziwa kidani cha kwantamu cha kuzuia mionzi. Ninunue? (Langoni, Lamu)*

Usinunue. Mwaka 2021 wakala wa usalama wa nyuklia wa Uholanzi ulionya kuwa baadhi ya vidani vya namna hiyo vyenyewe vinatoa mionzi.

*Kwani almasi haifai? (Mpeketoni)*

Inafaa kwa kazi hii ya kituo T, tena ilitangulia: mwaka 2015 watafiti wa Delft waliunganisha kikwantamu, bila kuzigusanisha, almasi mbili zilizokuwa umbali wa kilomita 1.3. Ila mwanga wake, wa takriban nanomita 637, hufifia upesi ndani ya fiba, na viwanda vya chipu vimezoea silikoni.

*Fotoni zikipotea njiani, si tutie vikuza mawimbi kama vya nyaya za baharini? (Fundi wa mtandao, Malindi)*

Hili ndilo swali ningependa wengi waulize. Kikuza mawimbi hufanya kazi kwa kunakili, na tangu 1982 imethibitishwa kuwa hali ya kwantamu isiyojulikana hainakiliki. Fiba hupoteza takriban desibeli 0.35 (kipimo cha kufifia kwa mwanga) kwa kilomita katika mwanga wa nanomita 1,310. Kwa kilomita 120 hivi za kutoka Malindi hadi Mombasa, kati ya fotoni 100,000 zitafika chini ya kumi. Tiba inayotafutwa ni vituo vya njiani vyenye kumbukumbu, vinavyounganisha vipande vifupi kimoja baada ya kingine, na hapo ndipo spini ya kituo T inapohitajika. Mtu akikuletea mradi wa mtandao wa kwantamu, muulize kwanza ni fotoni ngapi zinazofika, na kumbukumbu yake hudumu kwa muda gani.