Mdogo wako wa PCM anayetaka kusomea nyota: jibu la aliyepita huko

Mkuu uliye Njiro, Arusha, umeuliza kama umwachie mdogo wako wa kike, aliyemaliza kidato cha sita na PCM (fizikia, kemia na hisabati), akasomee fizikia kwa sababu anapenda nyota, wakati wajomba wanasema nyota hazilipi ada. Ukaongeza kwamba umemwahidi simu mpya akipata chuo. Mimi nimepita huko, sasa niko Moshi, nakujibu kwa niliyoyaona.

Asihangaike kutafuta shahada yenye neno astrofizikia. Atafute fizikia yenye hisabati ya kutosha, miaka 3. Na ukaribu usiwadanganye: chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru, enzi zangu, kilikuwa cha uzamili na uzamivu tu. Mimi hilo nililijulia getini, bahasha ya vyeti mkononi.

Halafu nyota zenyewe atazisubiri sana. Mwaka wa kwanza sikusikia hata jina la Mshtarii. Ni kalkulasi, vekta, mekanika, na maabara ya kuhesabu pendulumu inavyobembea. Mwaka wa pili ikaja sumakuumeme, nikakamata sapu. Wenzangu wako likizo, mimi nimebaki na milinganyo ya Maxwell, bumu limeisha, nakula maandazi na chai ya rangi. Niliichukia ile milinganyo kweli kweli. Mwaka wa tatu ndipo nikaelewa kwa nini hatukuweza kuikwepa: karibu kila tunachokijua kuhusu nyota kimetufikia kwa mwanga wake, na mwanga ni wimbi la umeme na sumaku, yaani hiyo hiyo Maxwell.

Projekti yangu ilikuwa Kilimia, lile kundi la nyota zilizosongamana. Wote tunaijua ile methali, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mimi nilitaka kujua kiko mbali kiasi gani. Data zilitoka kwa Gaia, setilaiti ya Ulaya iliyorushwa 2013, nazo ni bure kwa yeyote mwenye intaneti. Nikazishusha kwa bando la usiku, kwenye laptop ya kuazima. Dunia ikizunguka jua, nyota ya karibu huonekana kusogea kidogo mbele ya zile za mbali; ukipima huko kusogea unapata umbali.

Jibu langu la kwanza lilikuwa kichekesho, umbali zaidi ya mara tatu ya ule unaojulikana. Msimamizi akaangalia orodha yangu akauliza, "Hizi zote ni ndugu?" Hazikuwa ndugu. Nilikuwa nimezoa kila nyota iliyo upande ule wa anga. Nyota za Kilimia husafiri pamoja kama abiria wa daladala moja, kwa hiyo nikaandika programu ya kompyuta, kwa lugha ya Python, ya kubakiza zenye mwendo mmoja tu. Ikatoka kama parsek 136, yaani karibu miaka ya nuru 440. Setilaiti ya zamani, Hipparcos, ilikuwa imetoa kama parsek 120, na wataalamu wakubwa walibishana kwa miaka, maana kwa umbali huo nyota zile zingekuwa hafifu kuliko nadharia inavyotaka. Usiku ule sikulala, na si kwa sababu ya bando.

Ile Python ndiyo inayonilisha leo. Mchana nasafisha takwimu za kampuni moja ya kahawa, jioni nafundisha tuisheni mtaa wa Soweto. Wenzangu? Mmoja yuko hali ya hewa, mwingine kwenye vipimo vya mionzi (Tume ya Nguvu za Atomiki si iko hapo hapo kwenu Njiro), wawili ni walimu, mmoja benki. Aliyeendelea na nyota ni mmoja tu, naye alikwenda Afrika Kusini, kwenye MeerKAT, darubini ya redio yenye madishi 64. Kwa hiyo wajomba hawajakosea sana, ila wanadhani mtu anasoma nyota tu.

Mjaribu hivi: mpe maswali magumu ya mekanika, wiki nzima, bila majibu. Akija kwako amekasirika lakini bado ameshika kalamu, mpeleke. Kama anachopenda ni picha za anga tu, mnunulie darubini, asomee kitu kingine. Kilimia ataendelea kukiona uani kwenu, hasa umeme ukikatika.

Akienda, hela ya simu iongezee kidogo ununue laptop, hata ya mtumba, ila ram isipungue giga 8.